Siku Sisimizi Walipohama

Skola, mama yangu,

Begi lako liko mlangoni, limefungwa kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Tangu jana umelipanga na kulipangua mara nne. Mara ya tatu ulitoa sare zako nyeupe, ukazinusa, ukazikunja upya vilevile zilivyokuwa, nikajua mwanangu anaogopa. Na mimi nilikuwa uani nakaza nati ya baiskeli ambayo nilikuwa nimeshaikaza asubuhi.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa, za chandarua, za kufunga mlango kwa ndani na za wanaume, mama yako ameshazimaliza. Sina la kuongeza, hasa kwenye wanaume, maana mfano aliokuwa anautumia ni mimi. Barua hii ni ya jambo moja tu. Nimelikwepa miaka kumi na saba, na sasa nimekaa nalo hapa mezani kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Uko chumba cha pili, nakusikia unakohoa kile kikohozi chako cha kujifanya umelala. Mama yako amekataa. Amesema, "Ukimwambia kwa mdomo utaingiza utani, mtacheka wote wawili, na treni itaondoka naye hajui." Ananijua yule mwanamke mpaka inatisha.

Unakumbuka Jumatano, ujumbe wa kupangiwa kazi ulipoingia kwenye simu yako? Zahanati ya kijiji kilicho mbele ya Chita, uripoti Jumatatu. Mama yako alipigwa butwaa na mwiko mkononi, ugali ukaungua. Beni, ambaye kwake kila kitu ni mchezo wa mpira, akasema, "Dada, imekula kwetu." Mimi nikasema, "Yaani ghafla hivi?" Na wewe ukaniangalia kwa upole, ule upole wa nesi anayemtoa mgonjwa bandeji, ukasema, "Baba, niliomba kazi hii mwaka jana. Wewe ndiye uliyenipeleka kupiga picha."

Ni kweli. Hata shati la kupigia picha nilikupigia pasi mimi.

Nilirudi kwenye karakana yangu nikalifikiria hilo neno langu. Mimi fundi baiskeli, mama, ninavyolijua neno ghafla hakuna anayelijua. Kila anayekuja kwangu akisukuma baiskeli ana lake. Mwalimu atasema alikuwa hana hili wala lile, tairi likapasuka. Mama wa samaki atasema, kutahamaki, mnyororo huo chini. Vijana wanasema wamekula za uso. Wazee wananipa methali, kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Na mimi natikisa kichwa, nasema pole sana, huku nimeshika tairi lililolika mpaka nyuzi zinachungulia. Lile tairi limemwambia mwenyewe kila siku kwa miezi mitatu. Na huyo nyani wa methali, tangu nikiwa mdogo najiuliza: mvua ya kulowesha miti yote ile, yeye hakuisikia?

Huwa nawacheka wakishaondoka. Nacheka kwa sababu nikiacha kucheka nitakumbuka mwaka ule wa Namawala.

Unaijua hadithi ya Namawala. Umeisimulia wewe mwenyewe mara nyingi kuliko mimi, na juzi tu umeisimulia tena kwa wale wenzako wa chuo waliokuja kula wali wa kukuaga. Ulisema: nilikuwa mtoto mkaidi, baba aliniambia kaa juu ya dungu usishuke, mimi nikashuka kufuata kandambili zangu, maji yakanibeba, nusura nimuue baba yangu. Wakacheka. Ukaonyesha na kile kikovu cha kwenye kidevu. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji, nikacheka nao, nikatoka nje, nikakaa nyuma ya choo mpaka jasho lilipokauka.

Sasa nisikilize, maana hadithi hiyo niliitunga mimi.

Ulikuwa na miaka sita, hujaanza shule. Mama yako alikuwa amebaki hapa Lumemo na Beni aliyekuwa na wiki tatu, kwa hiyo msimu ule tulihamia shamba letu la Namawala sisi wawili tu. Dungu letu, kile kibanda cha kulindia mpunga, lilikuwa la miguu minne mirefu, ngazi yake fupi ukiitazama leo, ndefu kwa miguu yako ya wakati ule. Kazi yako ilikuwa kupiga debe ndege wasile mpunga. Ulilipiga hata ndege wakiwa hawapo. Ilikuwa raha yetu, na nisingependa ufikiri kwamba ilikuwa msiba tangu mwanzo. Tuliimba sana. Tulikula perege wa kuchoma mpaka tukawachoka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtumbwi. Kila mtu wa bondeni anajua kwamba mtumbwi wa shambani haulali na mzigo. Hata kama mto uko mbali, hata kama ardhi imepasuka kwa ukavu, mtumbwi unakaa mtupu, umeegeshwa karibu na dungu, pondo lake la kusukumia ndani. Mimi nikajiona mjanja. Nilikuwa nimeshavuna na kupiga mpunga wa mapema, magunia yangu yana matobo, panya wengi. Nikaumwaga mpunga wote ndani ya mtumbwi, nikafunika turubai. Ghala zuri, panya hapiti. Pondo nikalifunga kati ya miti miwili, nikaanikia nguo. Nilijisifu kwako, na wewe ukapiga debe kunishangilia, maana ndiyo hadhira niliyokuwa nayo.

Asubuhi ile jua lilitoka zuri ajabu. Unajua maji ya kwetu yalivyo, hayaangalii jua letu. Mvua inanyesha huko milimani, sisi tuko bondeni tunaanika, na mto unakuja taratibu kwa nyuma. Najua hilo tangu nanyonya. Ulikuwa umechuchumaa chini ya dungu, ukaniita. Ulisema, "Baba, sisimizi wanahama. Wamebeba mayai."

Nikaja kuangalia. Mstari mweusi ulikuwa unapanda mguu wa dungu, mnene kama kamba, kila mmoja na yai jeupe mdomoni. Mama, sisimizi anayehama na mayai yake haendi kula. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameona habari yote, akaja kunipa mkononi. Mimi nikasema wanafuata sukari yetu. Nikaihamisha sukari. Halafu nikachana shati langu kuukuu, nikalowesha vitambaa kwenye mafuta ya taa, nikafunga kila mguu wa dungu ili wasipite. Walipofika kwenye kitambaa wakaanza kuzunguka, kuzunguka, wanarundikana. Nilijisikia nimeshinda vita.

Si muda mrefu baadaye akapita Mzee Kasian, jirani yetu wa shamba, Mungu amrehemu. Alikuwa kwenye mtumbwi katika ule mfereji wa pembeni, na mkewe, na kuku ndani ya tenga, na sufuria zao zote. Akaniambia, "Baba Skola, toka. Maji yako nyuma yangu."

Nikamwuliza, "Na jua hili, mzee?"

Akasema, "Jua ni lako. Maji ni ya wote." Akasukuma pondo lake akaenda, akijua namfuata, maana mtu mzima akishaambiwa hivyo anafuata. Nilimwambia namalizia kitu kidogo.

Niliambiwa mara ngapi hapo? Hesabu wewe, mimi naona haya.

Maji yalipokuja hayakuja kwa kelele. Watu wakisimulia hupenda kusema yalivuma. Yalikuja kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Nyasi zilianza kung'aa kwa chini, halafu nyayo zikalowa, halafu povu la rangi ya chai likapita kati ya miguu yangu. Nilikupandisha juu ya dungu. Nikakuambia kaa hapo. Mpaka hapo hadithi unayoijua ni ya kweli. Halafu nikakimbilia mtumbwini, na ungeona nilivyokimbia ungedhani nakwenda kuumwaga mpunga ili tupande.

Sikuumwaga. Nilichukua bakuli la plastiki, lile la njano, nikaanza kuchota mpunga kuutia kwenye magunia yenye matobo. Nilikuwa nafikiri, na ninakumbuka kufikiri huku, kwamba nikijaza magunia matatu nikayarusha juu ya dungu, mtumbwi utakuwa mwepesi na chakula cha mwaka kitapona. Akili ya mtu anayeogopa, mama, inakuwa kama ya kuku barabarani. Inachagua upande mmoja na inaukimbilia huo huo hata gari likiwa huko.

Ukaniita, "Baba, maji."

Nikasema, "Subiri, mama."

Nikachota. Ukaita tena, "Baba, maji yamefika kwenye ngazi." Sauti yako haikuwa ya kulia. Ilikuwa sauti ya kutoa taarifa. Mimi nikakufokea. Nilisema, "Nimesema subiri." Maji yalikuwa mapajani kwangu na nilikuwa bado nachota kwa bakuli la uji.

Mara ya tatu hukuita. Na kile kimya chako ndicho nakisikia mpaka leo, kuliko sauti yoyote niliyowahi kusikia. Huwa nakisikia karakanani mchana kweupe, nikiwa nimepiga magoti kwenye gurudumu la mtu.

Nilipogeuka, ngazi ilikuwa tupu na debe lako linaelea.

Hukufuata kandambili. Ulishuka na debe. Najua ulichokuwa unakwenda kufanya, kwa sababu ulinieleza jioni ile kabla homa haijakuchukua: uliona nachota peke yangu kwa bakuli dogo, na wewe una chombo kikubwa. Ulikuwa unakuja kunisaidia.

Nimeacha kuandika kidogo hapa nikaenda kunywa maji.

Ulikuwa umeukumbatia mguu wa dungu. Mkono mmoja umeshika kile kitambaa nilichofunga, cha mafuta ya taa, na wale sisimizi wote niliowazuia walikuwa wamehamia kwako: mkononi, shingoni, kwenye nywele. Kidevu kilikuwa kinatoka damu, ulikuwa umekipiga kwenye ngazi. Hukulia. Ulikuwa umefumba mdomo kabisa wasiingie. Mpaka leo taa ya mafuta ikiwashwa unatoka nje, na sisi tunakutania kwamba binti wa mjini hataki moshi. Umejiuliza kwa nini? Mimi sijawahi kujiuliza, maana nilikuwa najua.

Nilikubeba kichwani kama ndoo. Mtumbwi wetu, na mpunga wake, ulikuwa umeshainama upande mmoja unakunywa maji. Aliyetutoa ni Mzee Kasian. Alipoona hatuko nyuma yake alimshusha mkewe kwenye kichuguu kikubwa, akarudi. Hakunigombeza. Alikuweka wewe kati ya miguu yake, akanipa bakuli la kutolea maji kwenye mtumbwi wake, na nilipoliona bakuli lile nikamrudishia. Alisema tu, "Toa maji, Baba Skola. Mikono ifanye kazi."

Jioni mama yako alitukuta kwenye lile darasa la shule tulikohifadhiwa. Wewe ulikuwa umelala, unachemka kwa homa. Akaona kidevu, akaona mkono ulivyovimba, akaniuliza imekuwaje. Watu walikuwa wamejaa pale, wote wananisikiliza. Nikamwambia, "Ghafla tu. Maji yalitushtukiza, na mtoto akashuka kufuata kandambili." Lilitoka mdomoni lenyewe, limenyooka, kama lilikuwa linasubiri. Ulipoamka siku ya tatu, darasa zima lilikuwa linakuita Mama Kandambili. Ulitabasamu. Ulikuwa mtoto wa miaka sita, ukadhani watu wazima ndio wanaokumbuka vizuri. Ukauacha ukweli wako, ukachukua uongo wangu.

Tangu hapo nimekutazama ukikua na mzigo huo. Sahani ikivunjika jikoni wewe ukiwa kisimani, unasema samahani. Ulipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, zamu yako ya tatu tu, akaletwa yule mtoto aliyecheleweshwa, akafia mikononi mwenu. Ulirudi nyumbani ukakaa kwenye kile kigoda karakanani, ukasema, "Baba, labda ningekimbia zaidi." Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikakuambia ajali haina kinga, maneno ya nyuma ya basi. Nikakupa soda.

Kwa hiyo hofu yangu ya usiku huu si ya treni, wala si ya kile kijiji, ingawa nimeazima simu ya Beni nikaangalia ramani, nikaona mito imekizunguka kama watoto wanaozunguka sinia, na mvua zikikolea najua njia itakatika. Hofu yangu ni kwamba utakuwa huko peke yako, utaona jambo kabla ya watu wazima wote, utalisema mara moja, mtu atakujibu subiri, na wewe utanyamaza ukijua kwamba wewe ndiye mkaidi. Hilo nilikufundisha mimi. Nisingependa likusindikize.

Akina mama watakuja kwako na watoto wamelegea, watasema, "Nesi, homa imemshika ghafla." Utamgusa mtoto utajua hiyo ghafla ina siku nne. Sikuambii uwavumilie kwa kuwa wewe ni mwema. Wema wako naujua, hauhitaji baba. Nakuambia tu kwamba umeshakula meza moja na mtu kama huyo miaka yote hii. Yule mama anaogopa, na anayeogopa hutafuta neno la kujificha nyuma yake. Yeye atakuwa amejificha nyuma ya neno. Mimi nilijificha nyuma yako.

Jana nilimwambia mama yako yote haya, jikoni, nikiwa nimejiandaa kwa kelele au kwa machozi. Alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua uso. Akasema, "Baba Skola, kandambili za huyo mtoto hazikwenda Namawala. Nilizifungia mimi kwenye sanduku, zisipotelee matopeni."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo ulijua? Siku ileile?"

"Nilijua hazikuwa kandambili. Nilikuwa nakusubiri useme. Sikujua unatembea kwa kasi ya konokono."

Hapo sasa mumewe, bingwa wa kuwacheka wenye matairi yaliyolika, ndiye aliyekutwa na tairi lililolika. Nilisimama pale jikoni sina hili wala lile, kweli safari hii. Akanisogezea sinia nichambue upande wa pili. Ndipo akasema niandike.

Basi nimeandika. Asubuhi ukitaka kuninunia, nuna, utakuwa na haki, nami nitabeba begi mpaka stesheni nikiwa nimenyamaza, jambo ambalo Beni hataamini. Ukitaka kuuliza, uliza mbele ya yeyote. Na ukiwasimulia watu tena habari ya Namawala, isimulie ilivyo: kwamba ulikuwa wa kwanza kuona, ulisema mara tatu kuanzia asubuhi, na hukusikilizwa, na hata hivyo ulishuka kuja kunisaidia.

Leo mchana niliona sisimizi kwenye ukuta wa jikoni, wanapanda. Niliwafuata kwa ngazi mpaka darini, mama yako ananitazama. Ilikuwa sukari kweli. Tulicheka, lakini nilishuka nikaenda kuutazama mto Lumemo kwanza kabla ya kula.

Huko uendako mtandao ni wa kubahatisha, na fundi huwa na mikono ya grisi. Nitaiweka simu kwenye kikopo changu cha nati karakanani, juu, ambako nitaisikia. Piga saa yoyote, hata kama ni la kipuuzi, hata kama unadhani ni mayai ya sisimizi tu. Sema, "Baba, maji."

Nitaliacha bakuli.

Baba yako,
fundi wa Lumemo